Kutuni piano ya kusimama: kabari za mpira, utepe wa felti au kibano?

Kinubi88

Wakuu, salamu. Nimeanza kujifunza kutuni piano ya kusimama. Ni ya zamani kidogo, lakini pini zake bado zinashika vizuri. Spana ya pini ninayo, na kwenye simu nina programu ya kupima sauti. Nimekwama kwenye vifaa vya kuzuia nyuzi. Naona kabari za mpira za kila unene, nyingine zina mkono wa waya. Naona utepe mrefu wa felti, kile kitambaa kinene cha sufu iliyobanwa. Halafu kuna kile kidude cha plastiki chenye miguu miwili kama kibano. Ninunue kipi kwanza, au nichukue seti nzima?

La pili ndilo linanikosesha raha. Kwenye noti za juu, zenye nyuzi tatu kila moja, nazuia nyuzi mbili, nabaki na mmoja, na bado nasikia wa-wa-wa. Nilijua mtikisiko huo unatokana na nyuzi mbili zisizolingana. Uzi mmoja unawezaje kutikisika peke yake? Tatizo ni kabari au ni sikio langu?

Sauti_ya_Nne

Chukua utepe wa felti tu. Unausokomeza katikati ya noti na noti, sehemu yote ya kati ya piano inabaki na uzi mmoja mmoja wa katikati, unatuni zote mfululizo bila kuhamisha kitu. Mimi hufanya hivyo na kazi inakwenda haraka.

FundiNyuzi

Kinubi88, sikio lako ni zima. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakuonyesha cha kununua.

Uzi uliobaki peke yake ukatikisika, chunguza mambo matatu kabla hujagusa spana.

Kwanza, kabari inavuja. Usibonyeze kitu chochote. Gusa kwa ukucha kila uzi unaodhani umeuzuia. Ukisikia "tk" kavu, umezuiwa kweli. Ukisikia mlio wowote, hata mwembamba wa juu, kabari haijakaa, au imekaa pabaya. Uzi ukiguswa katikati kabisa ya urefu wake haunyamazi, bali hulia oktava moja juu. Ukiguswa kwenye theluthi hulia juu zaidi. Wapiga gitaa huufanya mchezo huo kwa makusudi. Kwenye besi, ambako nyuzi ni ndefu, kabari ikitua sehemu kama hiyo unabaki unatuni huku mzimu wa uzi wa jirani unalia chinichini. Isogeze kidogo kando, gusa tena kwa ukucha.

Pili, majirani. Nyuzi za juu kabisa hazina dampa, yaani kile kizuizi kinachonyamazisha uzi ukiachia kibonyezo, kwa kuwa ni fupi na sauti yake hufa yenyewe haraka. Ukipiga noti iliyo chini yake, zinaitikia. Zifunike kwa kipande cha felti au kitambaa kinene, upige tena. Mtikisiko ukiondoka, zilikuwa ni hizo.

Tatu, na hili ndilo ninalolishuku kwako, uzi wenyewe una mtikisiko wa uongo. Upo ndani ya uzi huohuo, na hautaondoka hata ukaze pini mpaka kesho. Chanzo cha kawaida ni kipini kidogo cha darajani, kile ambacho uzi unakiegemea juu ya daraja, ule mti unaopeleka mtetemo wa nyuzi kwenye ubao wa sauti. Kikilegea, uzi unapotetemeka upande huu hufungwa vizuri, na unapotetemeka upande mwingine hucheza kidogo. Unapata sauti mbili zinazokaribiana kutoka uzi mmoja. Kutu au uzi uliojisokota wakati wa kufungwa navyo huleta hali hiyo. Ili kuhakikisha, liza uzi kisha sukuma kipini hicho taratibu kwa ncha ya bisibisi. Mtikisiko ukibadilika, umekipata. Kwenye piano ya kusimama daraja la noti za juu limejificha nyuma ya mtambo wa nyundo, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kuutoa mtambo na kuugusa uzi kwa ukucha ili ulie.

Kwa sasa, usihangaike na ukarabati. Noti hiyo ina nyuzi tatu. Sikiliza kila mmoja peke yake, wa kushoto, wa katikati, wa kulia, utafute ulio safi kuliko wenzake. Huo ndio uwe kiongozi. Tuni huo kwanza, wengine waufuate.

Sasa rudi kwenye swali lako la kwanza. Utepe wa felti unakuachia uzi wa katikati tu, hata kama wa katikati ndio mbovu. Kabari inakuachia uzi wowote unaoutaka. Kwa mtu anayejifunza kusikiliza, hiyo ni tofauti kubwa sana, na ndiyo sababu nakwambia utepe usubiri.

Seti nzima huihitaji. Chukua kabari mbili za mpira zenye mkono wa waya. Mkono huo usiudharau: kabari isiyo na mkono ikiponyoka inaangukia ndani ya mtambo, na utatumia muda mrefu kuitafuta kuliko kutuni. Ibonye kwa vidole kabla ya kuiamini. Mpira uliokauka na kuwa mgumu huteleza nyundo inapopiga, unatoka polepole bila wewe kujua, na ghafla unasikia nyuzi mbili ulizodhani ni moja. Unene nao una mipaka. Kabari nene mno ikiingia kati ya noti mbili husukuma uzi wa pembeni mpaka uguse wa katikati, utasikia "zzz". Chagua inayoingia kwa kusukuma kidogo tu.

Kwenye besi ongeza kabari moja ya felti. Nyuzi za kule zimevingirishiwa shaba, ni nzito, na felti huzishika vizuri bila kuteleza juu ya mikunjo ya shaba.

Kile kibano, wengi wanakiita Papps, ni cha lazima kwako kwa sababu piano yako ni ya kusimama. Sehemu ya kati na besi kuna nafasi juu ya vichwa vya nyundo, kabari inaingia. Ukipanda juu, nyundo zinapiga karibu sana na mwisho wa uzi na nafasi hiyo inakwisha. Uzi wa noti ya mwisho kabisa una urefu wa kama sentimita 5 tu, kabari utaiweka wapi? Kibano hupita katikati ya mikono ya nyundo. Unakibana miguu, unaisukuma hadi kwenye nyuzi, unaachia, nayo inatanuka na kubana nyuzi za kila upande. Ukiipitisha miguu pande mbili za uzi wa katikati, wa katikati unabaki huru. Baada ya kukiweka, bonyeza kibonyezo polepole mara ya kwanza uone nyundo inapita bila kukigusa.

Sauti_ya_Nne

Fundi, nakubali kuhusu uzi mbovu. Lakini utepe una kazi yake. Napoanza na oktava ya katikati, A ya hezi 220 hadi A ya hezi 440, nataka kusikia vipindi vyote, yaani noti mbilimbili zikilia pamoja, bila kelele za pembeni. Nikihamisha kabari kila noti, napoteza mtiririko.

FundiNyuzi

Upo sahihi kwa oktava hiyo ya kuanzia, na hata mimi huuweka utepe pale. Ninachokataa ni kufunika sehemu yote ya kati, kutuni nyuzi za katikati zote, halafu kurudi kuanza kufungua. Piano ina nyuzi takribani 230, na mvuto wake wote kwa pamoja ni wa tani nyingi, mara nyingi kati ya 15 na 20. Ukikaza nyuzi za pembeni za noti ishirini, daraja na ubao wa sauti vinabeba mzigo mpya, na zile za katikati ulizoziacha sawa zinasogea. Piano iliyokuwa imeshuka sana itakuonyesha hili waziwazi. Kwa hiyo weka utepe kwenye oktava moja, ipange, kisha uuvute kitanzi kimoja kimoja ukimaliza nyuzi zote tatu za kila noti kabla ya kwenda mbele.

Kuna jambo jingine ninaloliheshimu sana. Mwanafizikia Gabriel Weinreich alichapisha mwaka 1977 utafiti wake kuhusu nyuzi za noti moja, akaonyesha kwamba zinaathiriana kupitia daraja: namna sauti inavyokufa inategemea zinavyolingana. Ndiyo maana noti huwezi kuihukumu ikiwa na uzi mmoja tu. Lazima uisikie imefunguliwa.

Kinubi88

Nimerudi na majibu. Nimegusa kwa ukucha, kabari ilikuwa imekaa. Nimefunika za juu, mtikisiko ukabaki. Nikasikiliza kila uzi: wa katikati ndio unaotikisika, wa kushoto ni safi kabisa! Nimeufanya wa kushoto kiongozi. Lakini nikifika uzi wa tatu nachanganyikiwa, siwezi kujua nani anapigana na nani.

FundiNyuzi

Umefanya vizuri sana, na nimefurahi kwa dhati kwamba umesikiliza kila mmoja.

Nyuzi tatu zikilia pamoja zina jozi tatu za kupigana, ndiyo maana unapotea. Usiziache zilie zote mapema. Tuni wa kushoto, wa kulia ukiwa umezuiwa, kisha lete wa katikati kwake uwezavyo. Sasa hamisha kibano uzuie wa katikati, ulinganishe wa kulia na wa kushoto peke yao. Kumbuka uzi wa hezi 440 na wa hezi 441 zikilia pamoja hutikisika mara moja kwa sekunde, na tofauti ikiwa hezi 0.2 tu utasubiri sekunde 5 kwa mtikisiko mmoja, kwa hiyo acha noti ilie mpaka mwisho kabla ya kusogeza spana. Hawa wawili wakitulia kabisa, fungua wote watatu.

Kwa noti yako hii yenye uzi wa mtikisiko wa uongo hutapata utulivu kamili ukishafungua. Sogeza wa katikati kidogo sana huku na huku, uuache pale ambapo noti nzima inasikika tulivu kuliko kwingine, hata kama simu inasema haujafika. Wa kushoto na wa kulia usiwaguse tena. Na ukimaliza toa kila kabari. Mpira usilale ndani ya piano ukigusa zile nyuzi za shaba.