Mnyama au mkono wa mtu? Kesi ya mtoto Azaria na sisi watu wa Kusini

Mleta mada (Lindi)

Wadau salaam, Mtwara kuchele, Lindi tupo. Naweka mada mezani na naomba tubishane kwa hoja, matusi wekeni pembeni. Mtu akifia porini au shambani, mwili haupo au kimebaki kipande tu, na hakuna aliyeona kwa macho, nani ana haki ya kusema kaua mtu na sio mnyama? Nauliza kwa sababu huku kwetu simba akichukua mtu, matanga hayajaisha tayari kuna jina linazunguka kijijini, na mara nyingi ni jina la mjane au la bibi kizee asiye na wa kumtetea.

Kesi iliyonifanya niandike ni ya mbali, Australia. Tarehe 17 Agosti 1980 usiku, familia ya mchungaji mmoja wa Kisabato ilikuwa imepiga kambi Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu ambao wazungu waliuita Ayers Rock. Mama, Lindy Chamberlain, kamlaza kichanga chake Azaria, wiki tisa tu, ndani ya hema, akarudi kwa wenzake wanapopikia. Mara mtoto akasikika analia, mama kaenda kuangalia, anakutana na dingo anatoka hemani, kuingia ndani mtoto hayupo. Dingo ni mbwa mwitu wa kule. Usiku uleule Waaborijini wenyeji wa pale, watu ambao kusoma nyayo wamekua nako, wakafuata alama mchangani wakasema huyu ni dingo kabeba mzigo, na kuna mahali kautua chini akaubeba tena. Uchunguzi wa kwanza wa kifo mwaka 1981 ukakubali kwamba ni dingo. Ilitakiwa iishie hapo.

Tatizo mama hakulia. Yaani alilia lakini si mbele ya kamera, kwenye TV walimwona anaongea kwa sauti kavu, kavaa vizuri, anajibu maswali kama anaelezea habari ya mtu mwingine. Nchi nzima ikaanza, mama gani huyu! Mara dhehebu lao linatoa watoto kafara jangwani, mara mtoto alikuwa anavalishwa gauni jeusi (gauni lilikuwepo kweli, sasa tangu lini gauni likaua mtu?). Wakaja wataalamu wakasema wamekuta damu ya kichanga ndani ya gari, uchunguzi ukafunguliwa upya, kesi ikasikilizwa Darwin na Oktoba 1982 akapigwa kifungo cha maisha na kazi ngumu akiwa mjamzito, akajifungulia mikononi mwa magereza. Upande wa mashtaka unasema alimchinja mtoto kwenye gari. Mama mwingine wa pale kambini alisema mahakamani kwamba alimsikia mtoto analia wakati ambao kwa hesabu zao alikuwa keshakufa. Hawakumsikiliza. Akakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa, 1984, majaji watatu kwa wawili, kashindwa.

Sasa sikilizeni ilivyogeuka. Mama siku zote alisema mtoto alivaa kikoti juu ya nguo ya kulalia, ndiyo maana kwenye nguo iliyookotwa hapakuonekana mate ya mnyama. Upande wa mashtaka ukaona anatunga, kikoti hakionekani popote. Mwanzoni mwa 1986 mtalii mmoja Mwingereza kaanguka kutoka kwenye mwamba kafa, watu wanautafuta mwili wake wakakikuta kikoti kidogo cha mtoto, sehemu yenye mapango ya dingo. Siku chache baadaye mama katoka gerezani. Tume ikachunguza, na ile "damu" iliyopulizikia chini ya dashibodi ikaonekana ni dawa ya kuzuia kelele ambayo magari yale yanapulizwa kiwandani. 1988 hukumu ikafutwa. 1995 uchunguzi mwingine ukasema sababu ya kifo haijulikani. Ilibidi waje mpaka Juni 2012 ndipo cheti cha kifo kiandikwe dingo.

Msimamo wangu ni huu: yule mama alifungwa na uso wake. Damu ilikuja baadaye kutafutiwa nafasi. Na sisi huku tunafanya vilevile kila msimu wa mavuno, tofauti ni kwamba hatuna hata gereza la kumtoa mtu, tukishasema ni yeye imetoka hiyo. Karibuni.

Wa Newala

Mleta mada umeandika vizuri ila unatuletea habari za wazungu ili utufundishe simba wetu. Lisemwalo lipo. Hao Singida miaka ya 1940 watu wanauawa wanakutwa wamechanwa kwa kucha, serikali ya mkoloni mwanzo inasema simba simba, kumbe ni watu wamevaa ngozi na makucha ya simba, na mkoloni huyohuyo akanyonga watu kwa mauaji yale. Sasa wale wazee waliosema kuna mkono wa mtu tangu mwanzo walikosea wapi? Ungekuwepo wewe ungewaambia ni mnyama tu nendeni mkalale. Hapo ng'ambo ya Ruvuma, Muidumbe ya Msumbiji, 2002 na 2003 simba walikula watu wengi, na Wamakonde wenzetu wa kule walijua simba wale wametumwa.

Mleta mada

@Wa Newala nashukuru umeitaja Singida maana inanibeba mimi. Pale ilikuwa jinai ya kawaida kabisa, mtu kashika chuma kaua mtu, anakamatika, anashtakiwa, kuna vazi na kuna silaha. Hakuna aliyenyongwa kwa kosa la kugeuka simba. Na Muidumbe umeacha nusu: walipoamua kwamba simba wametengenezwa, wakaanza kuua majirani zao kwamba ndio watengenezaji. Sasa hao wameuawa na nani, na simba?

Fundi redio, Mikindani

Nipo siti ya mbele. Ila hiyo ya dawa ya kelele kuitwa damu nimecheka mpaka wateja wameniangalia, mtaalamu na cheti chake ukutani.

Wakili wa mtaani, Mtwara mjini

Naomba nisahihishe kitu kabla watu hawajapotea. Kuna wenzetu humu wanasoma uzi huu wanahitimisha kwamba bila mwili hakuna kesi. Si kweli, na isiwe kweli, maana basi kila muuaji angetupa mtu Ruvuma mamba wamalizie halafu anarudi nyumbani kuoga. Ila Uingereza waliwahi kuungua kwa kuhukumu bila mwili. Mwaka 1660 mji mdogo wa Chipping Campden mzee mmoja kapotea, mtumishi wake akasema mama yake na ndugu yake ndio wamemuua, wakanyongwa wote watatu, 1662 mzee kajitokeza mzima eti alitekwa akauzwa utumwani Uturuki. Kwa nini yule mtumishi aliisingizia familia yake mpaka leo hakuna aliyefumbua. Baada ya hapo mahakama zao zikawa nzito sana kuhukumu bila mwili, mpaka miaka ya 1950 kwenye kesi ya mkulima mmoja wa Wales ndipo zikasema wazi kwamba inawezekana, mazingira yakitosha.

Kwetu pia ushahidi wa mazingira unakubalika. Kipimo tunachotumia ni cha kesi ya Simoni Musoke ya enzi za ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: mambo yote yaelekeze kwa mshtakiwa na yasielezeke kwa njia nyingine yoyote yenye akili isipokuwa kwamba ana hatia. Sasa ukiwa sehemu ambayo mnyama anakula watu, hiyo "njia nyingine" inakuwa imekaa mlangoni kabisa. Ndipo kesi ya Lindy inapouma, nyayo zilikuwepo, wafuata nyayo walikuwepo, maelezo mengine yalikuwa pale tangu saa ya kwanza.

Halafu @Wa Newala, tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928 mpaka leo, kumtaja mtu kwamba mchawi bila kufuata njia za sheria unaweza kuingia matatani wewe. Watu hawajui hilo.

Wa Newala

Sheria ya mkoloni hiyo, kakaangu, yeye alikuwa hajui lolote kuhusu mambo yetu. Afu unaniambia "maelezo yenye akili", akili ya nani?

Mama wa Nachingwea

Mimi niongee kidogo maana hii imenigusa. Shangazi yangu mumewe alichukuliwa na simba kwenye dungu wakati wa mpunga. Walikuwa wanalinda nguruwe, mnajua nguruwe wakiingia usiku mmoja mnakula majani mwaka mzima. Tulimkuta asubuhi, sehemu yake, sisemi zaidi. Kwenye msiba shangazi kakaa kwenye mkeka hatoi chozi, anaulizia mpunga umebaki nani anaulinda. Basi ikawa hiyohiyo. Mashemeji wakaanza kunong'ona, jioni akaenda jikoni kusaidia, alipopakua ugali hakuna hata mmoja wao aliyeosha mkono. Sahani zinapoa pale ukumbini watu wanaangalia pembeni. Hakuna aliyemwambia wewe mchawi, mjue hilo, hakuna aliyetamka. Ila kufika arobaini kashafunga virago kaenda kwa mwanawe Mtwara.

Nilikuwa binti mdogo lakini nilikuwa nalala naye chumba kimoja siku zile. Alikuwa analia usiku, kitambaa mdomoni, asitusumbue watoto. Sasa mwende mkamhukumu kwa alichofanya mkekani.

Mleta mada

Mama shikamoo na pole sana. Naomba niongezee kitu kwa faida ya wanaosoma. Kuna watafiti walihesabu, kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, na huku kusini ndiko tuliumia sana, wilaya ya Lindi ikiwemo. Mashambulizi yanaongezeka miezi ya mavuno, Machi mpaka Mei hivi, watu wakiwa wamelala mashambani kwenye vibanda kulinda nguruwe, na simba kumbe anamfuata huyohuyo nguruwe, swala na nyumbu kwenye maeneo hayo wameshaisha. Tena wakaona mashambulizi yanapanda siku zinazofuata mbalamwezi pevu, pale mwezi unapochelewa kutoka na giza linaanza mapema watu bado wako nje. Hivyo ukitaka kujua simba atapita lini, kalenda na nguruwe vinakwambia zaidi kuliko mganga.

Wa Newala

Mama pole, kwa kweli. Sibishani na msiba wako. Ila mleta mada swali langu hujaligusa, na hao watafiti wako hawaligusi. Simba anafuata nguruwe, sawa, nimekubali. Madungu yalikuwa mangapi kwenye bonde lile? Kwa nini alipita yote akaenda kwa yule mzee? Kwa nini yeye? Hilo ndilo mtu wa msibani anauliza, haulizi simba anakula nini.

Mama wa Nachingwea

Mwanangu hilo naweza kukujibu mimi. Dungu la jirani lilikuwa juu ya nguzo ndefu na ngazi wanaivuta usiku. La mjomba nguzo moja iliungua mwaka ule kwenye moto wa kusafisha shamba, akalishusha, ukisimama chini kifua kinagusa sakafu, na mlango wake gunia. Alisema atalipandisha wakishauza korosho.

Fundi redio, Mikindani

Dah.

Wakili wa mtaani, Mtwara mjini

Na hapo ndipo polisi na watu wa wanyamapori wangetakiwa kuandika: urefu wa dungu, mlango, nyayo zimetoka upande gani. Kwa kawaida wakifika eneo zima limekanyagwa na waombolezaji, nyayo hazipo, kilichobaki ni maneno ya ukoo. Uluru angalau usiku uleule watu walishika tochi wakafuata alama. Kwaiyo ushauri wangu kwa viongozi wa vijiji mnaosoma humu, kabla ya kuita ukoo zungushieni kamba pale, pigeni picha za nyayo kwa simu, kila mtu ana simu siku hizi.

Wa Newala

Hilo la kamba naunga mkono. La uchawi sijakubali, niwe mkweli, ila nakubali hakuna wa kupelekwa popote kwa sababu ya uso wake msibani. Bibi yangu naye hakulia kwa babu, na walikaa vizuri tu. Nina swali kwa mleta mada, huyo mama wa Australia walimlipa?

Mleta mada

Walimlipa, 1992, dola za Australia kama milioni 1.3, yeye alikula gerezani zaidi ya miaka mitatu. Cheti ndo hicho cha 2012, miaka 32 tangu mtoto achukuliwe. Na kuna watu kule mpaka leo ukiwatajia jina lake wanaguna, pamoja na kwamba 2001 dingo waliua mtoto wa miaka tisa kwenye kisiwa kimoja cha kulekule Australia na watu wakashuhudia.

Wa Newala

Na mashemeji wa shangazi yako, mama, kuna aliyemfuata kumwomba radhi?

Mama wa Nachingwea

Alikuja mmoja. Alitaka kujua mikorosho ya marehemu inagawanywaje.