Mahandaki ya Salaita

Kaka wa Kisauni: Assalaam aleikum, jamaa zangu. Leo nimepita na watoto penye sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Barabara ya Jomo Kenyatta, na kitinda mimba akaniuliza vita hivyo vilipiganwa wapi. Nilimjibu kwamba vingine vilipiganwa kule kwa bibi yetu, Taveta, katika kilima cha Salaita tulichokuwa tukichungia mbuzi.

Dada wa Likoni: Wa aleikum salaam, kaka. Umenirudisha mbali. Kila likizo tulipanda hadi kileleni tukitafuta maganda ya risasi, tukateremka mikono mitupu, kisha tukayaokota chini kabisa, kwenye yale mahandaki yaliyojaa miiba. Sikuwahi kuelewa kwa nini.

Mjomba wa Tudor: Sababu ipo, mwanangu, na ndiyo iliyowaua watu. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, wakajichimbia Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, Waingereza walipowapeleka askari wa Afrika Kusini, ambao hawakuwa na muda mrefu tangu washuke Kilindini hapa kwetu, mizinga yao ilipiga sehemu za juu za kilima, ilhali mahandaki yenye watu yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka. Vijana wale walisonga mbele wakidhani adui amekwisha kuvunjika, wakapokewa na bunduki za rashasha. Waliporudi nyuma, waliosimama imara kuwakinga ni Wabulushi wa jeshi la India.

Dada wa Likoni: Kumbe tulipokuwa tukilala kifudifudi mle handakini, tukiwalenga mbuzi kwa vijiti, tulikuwa tukitazama uwanda uleule waliouvuka wale vijana. Nasikia uzito moyoni.

Shangazi wa Majengo: Nami nilikuwa nikiwachapa kwa sababu hiyo, na sijuti. Si kila chuma kilichozikwa pale kilikuwa ganda tupu, na mtoto hawezi kulitofautisha ganda na kombora ambalo halijalipuka. Bibi yenu alikuwa halali mpaka mrudi.

Kaka wa Kisauni: Tuwie radhi, shangazi. Lakini yale maganda bibi hakuyatupa. Aliyatia katika mkebe wa majani ya chai, akauweka juu ya kabati. Tangu msiba wake sijauona, na ningependa sana watoto wauone kabla sijawapeleka Salaita wenyewe, tena kwa kutazama tu, bila kuchimbua wala kuokota kitu.

Mjomba wa Tudor: Ukiwapeleka, waanzie kwenye makaburi ya vita pale Taveta mjini, wasome majina na umri, ndipo wapande kilima.

Shangazi wa Majengo: Mkebe ninao mimi, chini ya kitanda. Pita Ijumaa baada ya sala, uje na huyo mdogo aliyeuliza.

Kaka wa Kisauni: Tutakuja, inshallah. Ahsante, shangazi.