Naenda Fez, nanunuaje ngozi bila kupigwa?

mtembezi_wa_bara:
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao kazini wananituma Moroko, siku nne Casablanca halafu nimejiongezea mbili za kwangu niende Fez maana nasikia kwa ngozi ndo kwenyewe. Nataka mkoba wa laptopu, vile viatu vyao vya manjano vya kukanyaga kisigino na ile mito mikubwa ya ngozi ya kukalia, wife ameshanitumia mapicha kama ishirini. Shida ngozi siijui, mwaka juzi nilinunua mkanda Istanbul, jamaa akaapa kwa mama yake ni ng'ombe, miezi mitatu tu ukaanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Naijuaje orijino?

fundi_makubadhi:
Kaka mimi nashona makubadhi Mombasa, ngozi ndio ugali wangu. Usiangalie juu, angalia pale ilipokatwa. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zimeshikana mpaka chini, feki utaona kitambaa halafu juu yake plastiki. Ikunje, ya kweli inafanya mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mkono wako. Wakiiwashia kibiriti kukuonyesha haiungui usishangilie, ni mchezo wa kuuzia tu, plastiki nzito nayo sekunde moja inavumilia. Mkoba tafuta ngozi ya mbuzi, laini na haichaniki ovyo, na ukiambiwa ya ngamia usiongeze hata shilingi kwa ajili ya jina.

zuhura_safarini:
Mimi nimefika. Pale Chouara, wanapotengenezea ngozi ndani ya mji mkongwe, kuna mashimo ya mawe kibao, yale meupe ni chokaa na mavi ya njiwa, ndo yanayotoa manyoya na kulainisha, watu wanaingia humohumo na miguu, halafu pembeni ndo ya rangi. Harufu yake usiombe!! Wenyewe wanapaita dar dbagh, nikacheka maana ni hilohilo dabagha letu, yaani kutengeneza ngozi. Sasa kuona vizuri lazima upande juu kwenye roshani, na roshani zote ni za maduka, wanakupa kijani cha mnanaa uweke puani, unashukuru weee, ukishuka njia ya kutokea inapita katikati ya makoti na mikoba na hapo ndo kazi inaanza. Mkoba nilitajiwa dirhamu 900 nikaondoka zangu, kona ya pili kijana akanifuata mbio, tukamalizana 350 na bado nahisi nilipigwa.

Wale madogo wanaokwambia njia imefungwa nifuate mimi, wapite tu, njia haijafungwa. Na hivyo viatu vya manjano chunguza rangi, futa na tishu yenye maji kabla hujalipa, vyangu vilinyeshewa siku moja soksi zikawa kama zimepikwa na bizari.

mtembezi_wa_bara:
Hahaha dada umeniokoa. Na hiyo mito si itajaza begi zima?

zuhura_safarini:
Inauzwa tupu, inakunjwa kama shati. Ukifika nyumbani jaza nguo kuukuu. Ila inuse kwanza, ikiwa inanuka dukani, sebuleni kwako itanuka mara mbili, mimi yangu ililala kibarazani mwezi mzima.

babu_wa_vitabu:
Nachomekea kidogo. Ile ngozi nyekundu ya mbuzi Wazungu waliyokuwa wanajalidia vitabu wakaiita ya Moroko, nyingi ilitoka Kano na Sokoto huko kwa Wahausa, ikavuka Sahara kwa misafara ya ngamia, jina wakachukua waliokuwa mwisho wa njia. Pia dirhamu zilizobaki zibadilishe hukohuko, huku hakuna wa kuzipokea. Na vitu vya chatu au mamba achana navyo kabisa, bila kibali forodhani wanakunyang'anya.

mtembezi_wa_bara:
Shukrani mzee. La mwisho, laptopu yangu kubwa inchi 17, wanashona kwa oda?

fundi_makubadhi:
Fundi yeyote mwenye meza yake anashona, ila usiende na maneno, kata boksi la saizi ya hiyo laptopu umpe mkononi. Nenda siku ya kwanza asubuhi, tanguliza nusu tu, nyingine mpe ukishafungua na kufunga zipu mara kumi.