Wilson hadi Nanyuki kwa Cessna 172 adhuhuri: nizingatie nini?

Mgeni_wa_Nyanda: Wanajukwaa, salaam. Leseni yangu ya urubani binafsi niliipata Florida, ambako viwanja viko karibu na usawa wa bahari, na taratibu za kuitambua hapa Kenya nimekwisha kuzikamilisha. Nakusudia kuwapeleka mke wangu na wazazi wangu Nanyuki kwa ndege ndogo ya Cessna 172S, tukiondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, adhuhuri. Uzito wote hauvuki kilo 1,157 zinazoruhusiwa. Je, hilo linatosha?

Bawa_la_Kushoto: Halitoshi, ndugu yangu. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho joto linalochukuliwa kuwa la kawaida katika hesabu za urubani ni nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Likifika nyuzi 26, kila nyuzi iliyozidi ni kama kuongeza futi 120 hivi kwenye kimo hicho, kwa hiyo ndege yako itapaa kana kwamba kiwanja kiko juu ya futi 8,000: injini imepungukiwa nguvu, propela inashika hewa haba, na mabawa yanadai mwendo mkubwa zaidi ardhini. Hapo ndipo waliozoea pwani hunaswa, kwa maana kipima mwendo husoma kama siku zote ilhali lami inapita mbio chini ya magurudumu, rubani akadhani amechelewa, akavuta usukani mapema, na ndege ikaning'inia bila kupanda. Subiri mwendo ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege yako. Vilevile, ukiwa bado umeshika breki, ipe injini nguvu zote, kisha punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mizunguko ya injini ifikie kilele. Nanyuki nayo iko zaidi ya futi 6,000, hivyo fanya hesabu ya kurudi pia.

Mzee_wa_Mawingu: Ondoka asubuhi na mapema, ingawa sababu yangu ni nyingine. Njia yako inapita kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na mawingu hujikusanya hapo kadiri jua linavyopanda. Mwezi Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga Aberdare, wakafariki wote 10, na walioirusha walikuwa marubani wa kazi. Amua ukiwa bado chini ni wapi utageuza ikiwa huoni mbele, na uwaambie wazee mapema kwamba huenda mkalala Nairobi. Ni rahisi kuliko kuwaambia mkiwa angani.

Bawa_la_Kushoto: Nyongeza fupi: anga ya Wilson imesongamana. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwamo kwenye Cessna wakafariki. Mpe mkeo kazi ya kutazama nje.

Mgeni_wa_Nyanda: Nashukuru sana. Tutaondoka saa moja asubuhi, nitaruka kwanza na mwalimu wa hapa nikiwa na uzito uleule, na mizigo itatangulia kwa matatu.