Wakuu, sungura wangu wana vidonda nyayoni, niwapake dawa gani?

Panda Shuka:
Habari wakuu. Nina sungura 5, majike 4 na dume 1, kila mmoja na chumba chake. Banda jipya, wana wiki 3 humo. Wametoka vidonda chini ya miguu ya nyuma, pale kisiginoni: manyoya yameisha, ngozi nyekundu, wawili wameshafanya vigaga. Mmoja hachangamki, kajikunja pembeni tu. Nimepaka mafuta ya mgando, naona hola. Naombeni jina la dawa, ya kupaka au ya kunywesha. Nimechanganyikiwa.

Kiberiti Kibichi:
Dawa ipo mkuu. Sufuria, kitunguu, moto wa wastani.

Mama Subira:
Mnyama hana mdomo wa kulalamika. Ukimfungia, deni la kumwangalia ni lako. Watu wanafuga kwa kuiga, basi tabu tupu.

Nyasi Kavu:
Kabla ya dawa: sakafu ni ya nini? Chumba kina ukubwa gani?

Panda Shuka:
Wavu wa waya, sm 60 kwa 45, kimo sm 35. Nilichagua wavu makusudi, kinyesi kinadondoka chini, banda safi muda wote. Sakafu sioni kama ndiyo tatizo. Nauliza dawa.

Nyasi Kavu:
Hoja ya kinyesi ni ya kweli. Sungura asiyekalia mavi yake hapati kokisidia kirahisi, vile vijidudu vya utumboni vinavyoharisha. Lakini hana zile nyama laini za chini ya mguu alizonazo paka. Ana manyoya na ngozi nyembamba juu ya mfupa, basi. Akikaa, uzito wa nyuma wote unatua kisiginoni, waya unabana palepale, damu haipiti, manyoya yanakatika, ngozi inachubuka, bakteria wanapata mlango. Vikishafika kwenye kano na mfupa, dawa ya kupaka ni kujifurahisha tu.

Leo hii: funika zaidi ya nusu ya sakafu kwa ubao tambarare, au mkeka wa plastiki wenye matundu. Juu yake nyasi kavu, unene wa sm 7 hadi 10. Sungura huchagua kona moja ya kukojolea. Kona hiyo iache waya au weka trei ya maranda. Ubao ukilowa, badilisha siku hiyohiyo, maana ubao wenye mkojo ni mbaya kuliko waya. Kidonda kioshe kwa maji vuguvugu ya chumvi kidogo, ukikaushe kabisa. Mafuta ya mgando acha, yanalainisha ngozi na kunasa uchafu. Kata kucha pia. Zikirefuka zinasukuma uzito urudi kisiginoni.

Ya kunywesha: amoksisilini na ndugu zake wa penisilini kwa mdomo, usithubutu. Inaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanafumuka, anakufa kwa kuhara.

Na chumba ni kidogo. Sungura asimame kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima, aruke hatua tatu mfululizo. Kwenye sm 60 hata ya kwanza haitimii.

Kizimba Wazi:
Suala la nafasi halipo kwa sungura peke yao. Angalieni kasuku kwenye vizimba vya mviringo, nondo zote za wima, ndege hana pa kupandia wala kona ya kujificha. Akianza kujinyonyoa kifua, mwenyewe anatafuta dawa ya viroboto. Kizimba kiwe cha pembe nne, kipana kuliko urefu wa mabawa yaliyokunjuliwa, nondo za ubavuni zilale, na vijiti vya kutulia viwe vya unene tofauti ili mguu usibane mahali pamoja.

Panda Shuka:
Asante, ila mimi sina kasuku. Ubao nitaweka. Tatizo banda la pili la ghorofa tatu fundi ameshaanza, waya ameshakata. Siwezi kumrudisha nyuma. Na wafugaji wakubwa si wanatumia waya?

Nyasi Kavu:
Wanatumia, na wengi wanaweka mikeka ya plastiki juu yake kwa sababu hiyohiyo ya visigino. Fremu ya fundi ibaki. Mwambie atoe ukuta wa kati, vyumba viwili viwe kimoja.

Mpiga Rada:
Naona chai humu, tena ya rangi. Vigaga ndani ya wiki 3, kwa sungura walioingia wazima? Sinunui. Halafu kisigino kibovu kinamfanya ahamehame, anyanyue mguu huu akalie ule. Kujikunja pembeni asihame huja kidonda kikiwa kibaya sana, au kuna jambo jingine. Ama hadithi imetungwa, ama mleta uzi anauza mabanda ya ghorofa na hapa anayapigia debe.

Panda Shuka:
Siuzi chochote. Kwa aliyeniuzia walikaa kwenye waya tangu wadogo, sikuona umuhimu wa kusema.

Na huyo wa pembeni… juzi jioni nilimnyanyua nimpake. Nilimshika masikio, akarusha miguu mara mbili. Tangu hapo anaburuta nyuma. Lakini sungura ndivyo anavyoshikwa, kila mtu anashika masikio. Na sikumwangusha.

Nyasi Kavu:
Haikuhitaji kumwangusha. Mifupa ya sungura ni karibu asilimia 8 tu ya uzito wake, mapaja yake ni ya kurukia. Akirusha miguu kiuno kikiwa kinaning'inia, nguvu yote inaishia kwenye pingili za mwisho za kiuno. Anajivunja mwenyewe.

Mbane kidole cha mguu wa nyuma, lakini tazama uso. Halafu angalia manyoya ya chini ya mkia.

Panda Shuka:
Mguu umejivuta! Si dalili nzuri hiyo?

Nyasi Kavu:
Nilisema uso.

Panda Shuka:
Hata sikio halikucheza. Chini ya mkia kalowa.

Nyasi Kavu:
Mguu hujivuta kwa neva za huko chini peke yake, hata kama kichwani habari haifiki. Kulowa huenda ni kibofu kilichojaa kinachomwagika chenyewe. Daktari wa mifugo, leo. Atamkamua mkojo na kupiga picha ya mgongo. Ukiwa ni uvimbe, unaweza kupungua. Pingili ikiwa imevunjika na neva za uti wa mgongo zimekatika, atakushauri achomwe sindano afe bila maumivu, asiteseke, na usibishane naye. Dawa za maumivu za binadamu usimpe.

Usimbebe. Mtelezeshe juu ya ubao, ingiza kwenye boksi, taulo zilizokunjwa pande zote asiyumbe.

Hao wanne: kiganja kimoja chini ya kifua, cha pili chini ya makalio, umwegemeze mwilini mwako. Ukimrudisha, atangulie nyuma, asiruke kutoka mikononi.

Panda Shuka:
Boksi la viatu litatosha?

Mpiga Rada:
Ana kilo ngapi?

Panda Shuka:
3 na kitu.

Mpiga Rada:
Halitoshi. Tafuta lenye urefu wa mwili wake akiwa amelala, pana kidogo kuliko yeye, matundu toboa ubavuni. Fundi mpigie ukiwa njiani.