Naombeni ushauri: Le Corbeau, historia yake niwape kabla ya muvi au baada?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Jumamosi ni zamu yangu kuchagua muvi ya kuangalia na washkaji na mi nimeikomalia Le Corbeau (yaani Kunguru) ya mwongozaji Clouzot, ya 1943, ile ya Ufaransa daktari Germain anaanza kupata barua zisizo na jina, mwandishi anajiita Kunguru, mara mji mzima unapata, siri za watu nje nje, mgonjwa hospitali anaambiwa kwa barua kansa yake haiponi anajiua kwa wembe. Naipenda mno hii kitu. Sasa niwaeleze kwanza mambo ya Vita ya Pili ya Dunia au niwaache? Naogopa wataiona upelelezi wa kawaida tu.

binti_tanga: Waeleze kabla. Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na watu walikuwa wanachongeana kwa barua za siri, jirani anamchoma jirani, halafu kampuni iliyoitoa hiyo muvi, Continental, ni ya Wajerumani haohao! Bila kujua hilo hawataelewa kwa nini baada ya ukombozi ilipigwa marufuku na Clouzot akafungiwa mpaka 1947.

mzee wa kideo: Dada hapo napingana na wewe. Mule ndani hakuna askari wa Kijerumani hata mmoja, na mwanzoni wameandika kabisa ni mji mdogo, hapa au kwingineko. Ukiwatajia vita watakaa wanawatafuta Wajerumani badala ya kumshuku kila anayepita. Na kisa chenyewe kimetokana na mambo ya kweli ya mji wa Tulle, barua zilianza 1917 kesi ikaja kuamuliwa 1922, Hitler hajulikani bado.

binti_tanga: Sawa mzee, la Tulle nakubali. Ila wasiondoke bila kuambiwa habari ya Continental, hapo sirudi nyuma.

Mtazamaji: Mkuu kikubwa simu ziwekwe mbali ikifika pale Vorzet, yule daktari wa magonjwa ya akili, anaisukuma taa inayoning'inia, mwanga na giza vinapishana usoni kwake anauliza giza liko wapi na mwanga uko wapi, Germain anataka kuisimamisha kwa mkono anaungua. Mi pale ndo niliacha kumwamini kila mtu, hata Germain mwenyewe. Na kagua maandishi ya tafsiri mapema, barua ni nyingi na zinapita haraka.

Mleta mada: Shukrani sana wakuu. Naanza na muvi, Tulle na Continental nawapa ikiisha. Tafadhali anayemjua Kunguru asimtaje humu, washkaji wanausoma huu uzi.