Naomba ushauri: nyasi za asili zimegoma kuota, Longido

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nina eka 6 hapa Longido, ni alalili ya mzee, ile sehemu tulikua tunawaachia ndama wakati wa kiangazi, sasa tangu ukame wa 2022 pamebaki kipara, ardhi imekaza kama saruji, mvua ikija maji yanateleza tu kwenda korongoni. Nimechimba makinga maji ya nusu mwezi kama 40 hivi, mdomo unaangalia mlimani, kwa sururu jamani mgongo hauna hamu, nikamwaga mbegu za Cenchrus (nyasi ya malisho) nilizouziwa mnadani. Maji yalituama vizuri ila nyasi zimeota vipande vipande, magugu ndo yamenawiri. Juzi nikazifikicha mbegu zilizobaki kiganjani, kumi hivi, punje nimeona mbili, zingine manyoya matupu! Na sisimizi nao wanabeba mchana kutwa.

Sasa nirudie mbegu au nizungushie miiba nisubiri zilizolala ardhini? Nasikia zilizovunwa karibuni haziotagi mpaka zikae miezi kadhaa, ni kweli? Samadi ya mbuzi je, inasaidia au ndo naongeza magugu? Mbuzi wa jirani msiniulize, hao ni kesi nyingine.